Misri ya kale na dini za mbali: dai lipi ushike, lipi uliache

Mpwa wangu yuko kidato cha tano na anapenda historia kwa dhati. Juzi alikuja nyumbani na daftari alimonakili madai aliyoyatoa kwenye video za simu: kwamba piramidi za Meksiko zilijengwa na Wamisri, kwamba "amina" ya makanisani na misikitini ni jina la mungu Amun, kwamba ufundi wa kukausha maiti ulitoka Misri ukaenea dunia nzima, kwamba Wayoruba wa Nigeria walihama kutoka Mto Nile na miungu yao, kwamba Warumi walimwabudu mungu wa kike wa Kimisri. Shuleni kwao kuna mdahalo, na yeye anatakiwa asimamie mawili tu. Akaniuliza, "Mjomba, nishike lipi?"

Tulikaa jioni nzima tukiyapanga mawili mawili, hili kando ya lile. Nayaandika hapa kwa ajili ya mwalimu, mzazi au kijana mwingine aliyekwama palepale. Nilimwambia jambo moja kabla hatujaanza: usiulize kwanza vitu viwili vinafanana kiasi gani. Uliza aliyelibeba wazo hilo alipita njia gani, alipita lini, na lilipofika kule likafanya kazi gani.

Piramidi za Sudan na piramidi za Meksiko

Kaskazini mwa Sudan, kwenye makaburi ya El-Kurru, Nuri na Meroe, kuna piramidi zaidi ya 200, nyingi kuliko zilizoko Misri yenyewe. Ni ndogo, zimechongoka, na upande wa mashariki kila moja ilijengewa kijumba cha ibada ambacho kuta zake zilichorwa miungu ya Kimisri: Osiris, Isis na Anubis. Meksiko nako kuna Piramidi ya Jua ya Teotihuacan, ya mnamo mwaka 200 BK, yenye urefu wa mita 65 hivi, na ile ya Kukulkan huko Chichen Itza, yenye ngazi 91 kila upande; ukiongeza na kipandio cha juu unapata 365.

Kwa macho tu, unaweza kusema zote ni ndugu. Sasa tafuta njia. Misri iliitawala Nubia, yaani nchi hiyohiyo ya kaskazini mwa Sudan, kwa karne kadhaa katika Ufalme Mpya (karibu 1550 hadi 1070 KK), ikajenga hekalu la Amun chini ya mlima wa Jebel Barkal, karibu na Karima ya leo. Utawala ulipoondoka, mungu alibaki. Karne ya 8 KK, mfalme Piye wa Kush, ufalme wa Wanubi, alipeleka jeshi kaskazini akaiteka Misri. Jiwe lake la maandishi limehifadhiwa, na ndani yake anawaagiza askari kwamba wakifika Thebes, mji wa Amun, waoge mtoni na wavae nguo safi kwanza. Hapo ndipo unapomwona mtu mwenye dini yake kweli, si mwigaji wa mtindo wa majirani. Alipofariki alizikwa El-Kurru chini ya piramidi. Farasi wake nao walizikwa hapo, wakiwa wamesimama, desturi ambayo mafarao wa Misri hawakuwa nayo.

Napenda sana habari ya hao farasi. Kiungo cha kweli kati ya watu wawili hakifuti mkono wa mpokeaji. Watu wa Meroe waliendelea kujenga piramidi hadi karne ya 4 BK, zaidi ya miaka elfu moja baada ya Piye, na kando ya Amun walikuwa na mungu wao wa vita mwenye kichwa cha simba, Apedemak, ambaye hekalu lake bado limesimama Naqa.

Meksiko hali ni tofauti kabisa. Piramidi Kuu ya Khufu huko Giza ilikamilika karibu mwaka 2560 KK. Kati yake na ile ya Teotihuacan imepita miaka zaidi ya 2,700, na wafalme wa Misri walikuwa wameacha kujijengea piramidi tangu karibu 1550 KK. Njia yenyewe ni Bahari ya Atlantiki. Wanaotetea dai hili humtaja Thor Heyerdahl, Mnorwe aliyevuka kutoka Safi, Moroko, hadi Barbados mwaka 1970 kwa chombo cha mafunjo alichokiita Ra II, kwa siku 57. Safari ile ilikuwa ya kishujaa na ilionyesha kwamba chombo cha namna ile kinaweza kufika. Lakini kuweza kufika na kuwa umefika ni mambo mawili. Kwenye udongo wa Meksiko hakujapatikana kaburi la Mmisri, wala chungu chake, wala herufi yake moja.

Halafu angalia kazi. Piramidi ya Khufu ilikuwa na pande laini na mlango uliofichwa. Hakuna aliyetarajiwa kuipanda. Ya Teotihuacan ni jukwaa: lina ngazi mbele, na hekalu lilikuwa juu, makuhani wapande watu wakiwaona. Ni haki kusema kwamba Wamaya nao walizika baadhi ya wafalme ndani ya piramidi. Kaburi la Pakal, aliyefariki mwaka 683, liligunduliwa Palenque mwaka 1952 na Alberto Ruz Lhuillier. Mtu akikuletea Pakal kwenye mdahalo, kubali, kisha umuulize njia na tarehe.

Na umbo je? Aliyewahi kupanga magunia ya mahindi ghalani anajua kwamba rundo refu lisilo na nguzo lazima liwe pana chini na jembamba juu. Wamisri wenyewe walijifunza hilo kwa taabu. Walianza na ngazi za Djoser kule Saqqara, na ile ya Sneferu huko Dahshur ikabidi ipunguzwe mwinuko katikati ya ujenzi, ndiyo maana hadi leo imepinda. Watu wa Meksiko nao wana hatua zao za kujifunza, ziko ardhini kwao, zimechimbwa. Anayesema walifundishwa na mgeni anazipita hizo hatua kana kwamba hazipo.

Isis wa Roma, na maiti za Chile

Dai la Isis, yule mungu wa kike wa Kimisri aliyeabudiwa na Warumi, ni jepesi kulithibitisha, sitalikawiza. Karibu mwaka 333 KK Waathene waliandika kwenye jiwe ruhusa ya wafanyabiashara kutoka Kition, Kupro, kujenga hekalu la mungu wao, wakataja kwamba Wamisri nao walikuwa wamekwisha kulijenga hekalu la Isis. Mabaharia na wachuuzi walimbeba kutoka bandari hadi bandari. London limepatikana gudulia la Kirumi lililokwaruzwa maneno ya Kilatini yanayosema "London, kwenye hekalu la Isis".

Mahali pa kumwona kwa karibu ni Pompeii. Hekalu lake lilibomoka kwa tetemeko la mwaka 62 BK, na juu ya mlango wa lile lililojengwa upya kuna maandishi yanayosema lilijengwa kwa gharama ya Numerius Popidius Celsinus, na kwamba baraza la mji lilimpokea bila ada akiwa na miaka sita. Mtoto wa miaka sita! Baba yake alikuwa mtumwa aliyeachwa huru, na mtu wa namna hiyo hakuruhusiwa kuketi barazani, basi akatoa fedha kwa jina la mwanawe. Uani kulikuwa na kijumba chenye ngazi za kushukia kwenye kisima cha chini, ambako inadhaniwa yaliwekwa maji matakatifu yaliyohesabiwa kuwa ya Nile. Mwaka 79 mlima Vesuvius ukafunika vyote. Una jina, una tarehe, una mtu na sababu yake ya kumfuata mungu wa mbali. Dai hili lishike bila wasiwasi.

Sasa liweke kando ya dai la maiti. Mwenye dai hili hasa alikuwa msomi mkubwa, Grafton Elliot Smith, daktari wa anatomia aliyefundisha Cairo na kuchunguza maiti nyingi za mafarao. Mwaka 1914 aliona huko Sydney maiti zilizokaushwa za visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na Guinea Mpya, akaona mikato inayofanana na ya Misri. Kuanzia hapo akashikilia kwamba ustaarabu wote wa dunia ulitoka Misri, pamoja na ibada ya jua na mawe makubwa.

Jibu lilikuwa limelala kwenye mchanga wa Arica, kaskazini mwa Chile. Wavuvi wa Chinchorro walianza kutengeneza maiti zao karibu mwaka 5000 KK, miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Wamisri kukamilisha ufundi wao. Walimtenganisha marehemu, wakamwimarisha kwa vijiti, wakamjaza udongo na majani, wakampaka manganizi nyeusi au ngeu nyekundu, wakamvika nywele na uso wa udongo. Walifanya hivyo hata kwa watoto wachanga na mimba zilizoharibika. Misri kazi hiyo ilianzia kwa wafalme na wakubwa, ikatumia chumvi ya natroni na siku 70, na moyo ukaachwa kifuani kwa sababu ungepimwa mizani dhidi ya unyoya wa Maat, mungu wa kike wa kweli na haki. Chinchorro hakuna mizani wala unyoya. Kuna wazazi waliokataa kumwachia mchanga mtoto wao. Kuwaweka chini ya Misri ni kuwanyang'anya huzuni yao wenyewe. Makaburi yao yaliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2021.

Neno letu la pwani, mumiani, lile linalotisha watoto kwa habari za wanyonya damu, lina asili moja na jina ambalo Wazungu wanaziita maiti hizi. Limetoka kwa Waajemi, kwa ile dawa nyeusi kama lami iliyouzwa masokoni na kudaiwa kutolewa kwenye maiti za Misri. Kwa hiyo kiungo kipo, lakini ni cha dawa na biashara. Dini haikupita hapo.

Amani ya Natakamani na amani yetu

Dai la "amina" ndilo linalosambaa kuliko yote, na linaumiza watu, kwa sababu linamwambia mwumini kwamba kila anapomaliza sala anamwita mungu wa Firauni. Kwa Mswahili jibu liko mdomoni mwake tayari. Amini, imani, amana, mwaminifu, amani: maneno haya yote tuliyapata kutoka Kiarabu, yametoka kwenye mzizi mmoja wa kuthibitika, kutegemeka na kuwa salama, na Kiebrania kina mzizi huohuo. "Amina" ni kusema "na iwe kweli". Jina la Amun kwa Kimisri maana yake ni aliyefichika. Waandishi wa Biblia walimjua Amun vizuri, kwani Yeremia 46:25 inamtaja kwa jina kama mungu wa No, yaani Thebes, atakayeadhibiwa. Watu waliomwandika kama mungu wa kuadhibiwa wasingemwita mwishoni mwa sala.

Ili mpwa wangu aone jinsi sauti inavyodanganya, nilimwonyesha mfalme na malkia wa Meroe waliojenga lile hekalu la Naqa: Natakamani na Amanitore. Ndani ya majina yote mawili mna "amani". Hiyo ndiyo Amun kweli, kwa matamshi ya Kimeroe. Ya kwetu, tunayomtakia mtu safarini, haina undugu nayo hata kidogo. Sauti moja, njia mbili.

Wayoruba, Wawolofu, na dai lililoua watu

Hapa nilikwenda polepole, kwa sababu dai hili lina heshima ndani yake. Mwaka 1948 Mnigeria J. Olumide Lucas aliandika kwamba dini ya Wayoruba ilitoka Misri. Cheikh Anta Diop wa Senegal alilinganisha Kimisri na Kiwolofu, na mwaka 1974 yeye na Théophile Obenga wa Kongo walisimama mbele ya wataalamu kwenye mkutano wa UNESCO mjini Cairo wakatetea Uafrika wa Misri. Katika hilo la msingi nasimama nao: Misri iko Afrika, na waliotaka kuing'oa humo walikuwa na nia yao.

Lakini ukiuliza njia ya Amun kufika Ile-Ife, mji mtakatifu wa Wayoruba, unapewa orodha ya maneno yanayofanana. Lugha ina ushahidi wake, nao unaelekea kwingine. Kimisri kimo katika ukoo mmoja na Kihausa, Kisomali, Kioromo na Kiarabu. Kufa kwa Kimisri ni "mwt", kwa Kihausa "mutu", na Waarabu wakatuachia sisi "mauti". Kiyoruba, Kiwolofu na Kiswahili vimo katika ukoo mwingine. Kwangu mimi, Ifa, elimu ya uaguzi ya Wayoruba, yenye odu (mafungu) zake 256 na beti ambazo babalawo, yaani waaguzi wake, huzisoma kwa moyo, ni kubwa ya kutosha kusimama kwa miguu yake.

Kando ya dai la Lucas na Diop kuna pacha wake mbaya, na kijana wa Afrika Mashariki lazima amjue. Mwaka 1863 John Hanning Speke, akitoka kwenye maziwa yetu, aliandika kwamba watawala wa huku walitokana na wavamizi kutoka Ethiopia. C. G. Seligman akaja mwaka 1930 na kusema ustaarabu wa Afrika ni wa "Wahamiti", watu aliodai walitoka nje, kisha akaufungamanisha ufalme mtakatifu wa Waafrika na Misri. Wakoloni wa Kijerumani na Kibelgiji waliyafanya hayo kuwa utawala: Mtutsi akahesabiwa mgeni bora, Mhutu mzawa duni. Mwaka 1992 mwanasiasa mmoja wa Rwanda aliwahutubia watu akisema Watutsi warudishwe Ethiopia kupitia mto Nyabarongo. Mwaka 1994 maiti zilielea mto huo, zikapita Kagera, zikaingia Ziwa Victoria, na wavuvi wa Uganda na Tanzania ndio waliozitoa.

Ndiyo maana sipendi mtu akiniambia, "Ni historia tu, ina ubaya gani?" Dai lisilo na njia, likimpa mtu mmoja asili ya mbali na kumnyima mwingine kazi ya mikono yake, lina ubaya wake. Hili nilimwambia mpwa wangu aliache, hata kama ukumbi mzima utapiga makofi.

Kalenda: dai ambalo hakuna aliyemletea

Kiungo ninachokipenda kuliko vyote hakikuwemo kwenye daftari lake. Wamisri walikuwa na mwaka wa siku 365: miezi 12 ya siku 30, na mwishoni siku tano za ziada. Siku hizo tano walizipa dini, wakisema ndizo siku za kuzaliwa Osiris, Horus, Seth, Isis na Nephthys.

Tembea sasa hadi Addis Ababa. Mwaka wa Ethiopia una miezi 12 ya siku 30, kisha Pagume, mwezi wa siku tano au sita, na mwaka mpya huanguka Septemba 11. Njia yake iko wazi: kanisa la Ethiopia lilikuwa chini ya kanisa la Aleksandria, Misri, tangu karne ya 4 hadi mwaka 1959, na kalenda ilikuja na kanisa. Wakopti wenyewe, Wakristo wa Misri, bado wana mwezi unaoitwa Hathor, jina la mungu wa kike wa Kimisri. Miungu imetoka, hesabu imebaki.

Halafu njoo Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwezi wa Julai, kwenye Mwaka Kogwa. Wanaume wanapigana kwa vigogo vya migomba, wanawake wanaimba, kibanda cha makuti kinachomwa na aliyemo ndani anachomoka mbio. Huo ni Nairuzi, mwaka wa Kiajemi, ambao mabaharia na wakulima wetu waliuhesabu kwa miongo ya siku kumi kumi, na mwisho siku tano za ziada. Wajuzi wengi wa kalenda wanaona kwamba Waajemi, walipoitawala Misri kuanzia karne ya 6 KK, waliuiga mwaka wa Kimisri wa siku 365, wakazipa zile siku tano majina ya nyimbo takatifu za Zaratustra, nabii wa dini yao ya kale. Ukitaka ushahidi wa mwendo wake, hesabu: mwaka usio na siku ya nyongeza hurudi nyuma siku moja kila baada ya miaka minne. Karne ya 19 Siku ya Mwaka iliangukia Agosti, leo ni Julai. Mwaka wa Kimisri nao ulitembea vivyo hivyo.

Ila tusizidishe. Miongo ya siku kumi Wamisri pia walikuwa nayo, 36 kwa mwaka, lakini vidole kumi tunavyo sote, na kwa hilo peke yake nisingesema kitu. Wala vigogo vya migomba havikutoka Nile. Hiyo ni ya Makunduchi.

Mpwa wangu amechagua Meroe na kalenda. Aliniomba kitu kimoja cha kuyaunganisha mbele ya ukumbi, nikampa jiwe la Philae, kisiwa cha hekalu la Isis karibu na Aswan. Hapo ndipo yalipochongwa maandishi ya mwisho ya hieroglifu, yaani mwandiko wa picha wa Wamisri, yanayojulikana, tarehe 24 Agosti mwaka 394. Kuhani aliyeyachonga aliyaweka kando ya sura ya Mandulis, mungu wa Wanubi. Na siku aliyoandika pale ni sikukuu ya kuzaliwa Osiris, ya kwanza katika zile siku tano za ziada.